Kuhama kwa Tarakilishi Zetu Ishirini na Nne

Najua wapo watakaofunua ukurasa huu wakitarajia shairi au mafumbo, wakutane na habari za tarakilishi, wagune. Msigune bado. Mhariri alinitaka niandike somo, na somo ninalolijua vizuri kuliko mengine ni lile nililojifunza kwa aibu.

Ilikuwa Jumamosi moja mwanzoni mwa Julai 2025, upepo wa hapa kwetu Isiolo ukivuma na kututia vumbi hadi katikati ya vitufe vya kibodi. Nilikuwa Kidato cha Tatu, msaidizi wa maabara ya tarakilishi. Ufunguo ninao, flashi yenye Windows 11 ninayo, na kiburi pia ninacho. Nilikuwa nimesikia kwamba Windows 10 ingefika mwisho wake tarehe 14 Oktoba mwaka huo, nikaona heri niwashangaze watu kwa kuanza mapema. Nikachagua mashine nambari 9, mojawapo ya zile mpya mpya. Ikaniuliza kama nataka kuhifadhi faili za zamani au nisihifadhi chochote. Nikasema hakuna kuhifadhi, ati ianze maisha ikiwa safi. Baadaye ikawaka inang'aa kama sahani ya harusi, nami nikafunga mlango nikaenda zangu kucheza mpira.

Jumatatu asubuhi mtahiniwa mmoja wa Kidato cha Nne aliketi mbele ya mashine hiyo. Akatafuta. Akatafuta tena. Kisha akageuka na kuuliza kwa sauti ndogo, "Nani amegusa hii mashine?"

Mradi wake wa KCSE ulikuwa humo. Wanaosoma somo hili wanajua kwamba karatasi ya tatu ni mradi: mtahiniwa hubuni hifadhidata, akaijenga na kuiandikia maelezo mwenyewe, na alama zake huingia katika gredi ya mwisho. Ilikuwa kazi ya wiki saba, na hakuwa na nakala nyingine ila kurasa 11 alizokuwa amechapisha ili kumwonyesha mwalimu. Tulijaribu programu ya kurejesha faili zilizofutwa. Yakarudi mavipande yasiyofunguka. Basi nikakaa naye jioni kumi na mbili, yeye akinisomea zile kurasa, mimi nikichapa. Mradi uliwasilishwa kwa wakati, lakini hakunisemesha jambo lingine lolote zaidi ya kile alichonisomea, na sikumlaumu.

Mwalimu wa somo alininyang'anya ufunguo. "Utaupata," akasema, "siku utakaponiletea mpango kwenye karatasi." Nami sikujua mpango wa kazi kama hii unafananaje. Nikamwendea mjomba wangu, ambaye kazi yake ni kutunza tarakilishi za ofisi moja kubwa, zaidi ya mia mbili. Kwetu, kwa Kisomali, mjomba na mpwa huitana abti, wote wawili. Alicheka kwanza, halafu akaniuliza, "Abti, babu yako akitaka kuhamisha ngamia huamka tu akawaswaga wote?"

"La, Abti. Hutuma sahan kwanza."

"Basi na tarakilishi ni hivyo hivyo."

Kwa asiyejua, sahan ni wale vijana wanaotangulia kwenda kuangalia kama huko mbele kuna malisho, maji na usalama, kisha warudi na habari kabla boma halijang'olewa. Yaliyobaki katika makala haya ni ufafanuzi wa jibu hilo.

Tuanze na jambo lenyewe. Mfumo wa uendeshaji ni programu kuu inayosimamia mashine nzima. Ndio unaoiamuru diski, kumbukumbu, kibodi, kipanya na printa, na ndio unaozigawia programu nyingine nafasi ya kufanya kazi. Unapochapisha insha yako, programu ya kuandikia haisemi na printa ana kwa ana. Humwomba huyu msimamizi. Ndiyo maana ukimbadilisha msimamizi, wote walio chini yake hutikisika. Windows ni mfumo mmoja, Linux ni mwingine. (Kuhusu jina la mashine yenyewe sitaingia katika ugomvi wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi. Mjadala huo tuuache kwa Ijumaa.)

Je, kwa nini tuhame wakati ya zamani bado inawaka? Hapo ndipo wengi hudanganyika. Mfumo uliofika mwisho wake hauzimiki. Windows XP, iliyotoka mwaka wa 2001, ilifikishwa mwisho tarehe 8 Aprili 2014, na siku iliyofuata mashine zake zikawaka kama kawaida. Windows 7 ikafuata tarehe 14 Januari 2020. Kinachokoma ni viraka. Kila mwezi watengenezaji hugundua matundu ambayo wahalifu wanaweza kupitia, wakatoa kiraka cha kuyaziba. Muda ukiisha, matundu huendelea kugunduliwa lakini hakuna anayeyaziba. Tarehe 12 Mei 2017 kirusi kilichoitwa WannaCry kilienea katika nchi zaidi ya 150, kikifunga faili za watu na kudai fidia. Kiraka chake kilikuwa kimetolewa Machi mwaka huo huo. Waliopatikana ni wale ambao hawakuwa wamekibandika, zikiwemo hospitali za umma za Uingereza ambazo zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Miezi miwili tu ya kusema "tutafanya kesho".

Kwa hivyo kuhama ni lazima. Swali ni namna gani.

Mjomba aliniambia nianze na daftari. Nikalicheka moyoni, kwani nilidhani mambo ya tarakilishi hufanywa kwa tarakilishi. Lakini nilipozunguka maabarani na kalamu nilitambua kwamba hakuna mtu shuleni aliyejua tuna nini. Nikaandika kwa kila mashine: nambari, umri, aina ya prosesa, ukubwa wa kumbukumbu, ukubwa wa diski, nani huitumia, na kwa kazi gani. Windows 11 ina masharti magumu kuliko ndugu zake waliotangulia. Hutaka kumbukumbu ya gigabaiti 4 au zaidi, diski ya gigabaiti 64 au zaidi, chipu ya usalama iitwayo TPM ya toleo la 2.0, na kwa prosesa za Intel, kizazi cha nane kwenda juu isipokuwa chache. Kizazi hicho kilianza kuuzwa mwaka wa 2017. Sasa tazama: nyingi za mashine zetu ni za msaada, zilizokwisha kutumika kwingine kabla ya kufika kwetu, na zina prosesa za kizazi cha nne. Katika mashine 24, zilizofaulu ni 7. Saba!

Vijana wa mjini watakwambia kuna ujanja wa kuilazimisha Windows 11 iingie hata kwenye mashine isiyokubaliwa. Ni kweli upo. Lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya namna hiyo haina hakika ya kupata viraka, na viraka ndivyo vilivyotufanya tuhame. Utakuwa umeruka mkojo ukakanyaga mavi.

Je, zile 17? Hapa ndipo safu ya mwisho ya daftari, ile ya kazi, ilipotuokoa. Wazo langu la kwanza lilikuwa kuziweka zote Linux, kwa kuwa ni ya bure, haichagui mashine kuukuu, na viraka vyake havikatizwi kwa sababu prosesa ni ya zamani. Mwalimu akaniuliza swali moja tu: "Na Access?" Hifadhidata ya mradi kwetu inafundishwa kwa Microsoft Access, na Access haina toleo la Linux. LibreOffice ina programu yake ya hifadhidata, lakini si ile ile, wala huwezi kumwambia mtahiniwa abadilishe jembe katikati ya kulima.

Kosa hili limewahi kusumbua hata wakubwa. Mji wa Munich kule Ujerumani uliamua kuhamia Linux, na kufikia mwaka wa 2013 ulikuwa umehamisha tarakilishi zipatazo 15,000. Mwaka wa 2017 madiwani wakapiga kura warudi Windows. Sababu zilibishaniwa sana, na siasa haikukosekana, ila malalamiko mengi yalihusu programu za kazi na hati za kubadilishana na ofisi nyingine. Kwa upande mwingine, jeshi la polisi la Gendarmerie la Ufaransa lilihamia Ubuntu tangu mwaka wa 2008 na likabaki huko. Kwa maoni yangu Linux si mbaya wala Windows si nzuri. Anayehama bila kuuliza watu wake wanakula nini huko waendako atarudi tu.

Mwishowe tuligawa mashine zetu hivi. Zile 7 ziende Windows 11. Nyingine 9 zibaki Windows 10 kwa ajili ya Access, tulipie viraka vya ziada. Zilizobaki, 8, ziende Linux, zitumike kuchapa, kujifunza kibodi na kusoma. Kuhusu malipo hayo, wengi hawajui kwamba kampuni ya kawaida hulipa dola 61 kwa kila mashine mwaka wa kwanza, kisha bei huongezeka maradufu kila mwaka, lakini taasisi ya elimu hulipa dola 1 mwaka wa kwanza, 2 mwaka wa pili na 4 mwaka wa tatu, hadi Oktoba 2028. Piga hesabu: mashine zetu 9 kwa miaka mitatu ni dola 63. Ofisi yenye mashine 200 ingelipa dola 12,200 kwa mwaka wa kwanza pekee. Mwalimu mkuu alipoziona tarakimu hizo mbili zimepangwa pamoja, alitia sahihi bila kuuliza swali la pili. Na mimi nikarudishiwa ufunguo.

Sasa sahan. Wiki za mwisho za muhula wa pili tulihamisha mashine tatu tu. Hatukuchagua watumiaji hodari, mjomba alikataza. Mtu hodari hutatua tatizo kimyakimya na wewe hupati habari. Tulimpa moja karani anayechapa mitihani, moja mwanafunzi wa Kidato cha Pili ambaye hushika kipanya kama aliyeshika nge, na moja mwalimu wa somo. Safari hii tulipandisha mfumo mpya juu ya ule wa zamani, tukazihifadhi faili, kwa sababu njia hiyo huacha mlango wa kurudi: kwa siku 10 unaweza kuiamuru Windows 11 irejee Windows 10 ilivyokuwa. Siku hizo zikipita mlango hufungwa, kwa hivyo tulikata shauri kwamba uamuzi utatolewa siku ya nane.

Habari zilikuja haraka. Siku ya pili karani hakuweza kuchapisha. Printa yetu kuukuu haikuwa na draiva ya kuelewana na mfumo mpya. Hebu fikiri kama tungehamisha zote kwa pamoja, na mitihani ya mwisho wa muhula iko mlangoni! Tuliiunganisha printa na mojawapo ya mashine zitakazobaki Windows 10, nyingine zikawa zinapitishia kazi zao hapo. Yule wa Kidato cha Pili alilalamika kwamba kitufe cha kuanzia kimehama kutoka pembeni kikaja katikati. Kumbe kinarudishwa pembeni kwa mipangilio tu. Jambo dogo, lakini lilitufundisha nini cha kuwaeleza wengine siku ya kwanza.

Katika ofisi ya mjomba sahan huwa wa mafungu mafungu. Kwanza mafundi wenyewe, kisha mtu mmoja kutoka kila idara, kisha idara moja moja, na idara ya fedha haiguswi mwisho wa mwezi hata mbingu ishuke. Nilipomuuliza mbona anapoteza wakati hivyo, akanikumbusha ya tarehe 19 Julai 2024. Siku hiyo kampuni ya ulinzi wa tarakilishi, CrowdStrike, ilituma sasisho moja lenye kasoro kwa wateja wake kote duniani kwa wakati mmoja. Mashine zipatazo milioni 8.5 zikagoma kuwaka, ndege zikakwama, hospitali na benki zikasimama. Kasoro iliondolewa haraka, lakini mashine isiyowaka haipokei sasisho. Nyingi zilibidi kuendewa moja baada ya nyingine, kwa mkono. Lile halikuwa badiliko la mfumo wa uendeshaji, ila njia ya kuangukia ni ile ile.

Kuna jambo lingine la ofisi kubwa ambalo sisi pia tulilitumia, nalo ni nakala mama. Fundi haendi mashine hadi mashine akisakinisha programu kumi kumi. Huandaa mashine moja kikamilifu, na kila kitu ndani yake, kisha huichukua diski nzima kama ilivyo na kuimwaga kwenye nyingine. Makampuni yana zana za kuzisukuma nakala hizo kupitia mtandao wa ndani, na siku hizi hufanyika hata kupitia intaneti fundi akiwa kitini. Sisi tulitumia Clonezilla, programu ya bure iliyotengenezwa Taiwan. Faida yake kwetu ilikuwa bando. Faili ya Windows 11 hupita gigabaiti 5. Kuipakua mara moja na kuigawa ndani kwa ndani si sawa na kila mashine kujipakulia yake.

Lakini nakala mama ina hatari zake. Mmewaona akina mama wanaopeleka maziwa ya ngamia Nairobi kwa basi? Hawamimini mtungi katika pipa kabla ya kuukagua, kwa maana mtungi mmoja uliochacha huharibu pipa zima. Kosa lililomo katika nakala mama utalikuta kila mahali ulipoimwaga. Tulisahau kuondoa nenosiri la majaribio katika yetu, na tukalikuta mashine zote nne za kwanza. Tena, mashine zilizonakiliwa huamka zikiwa na jina moja, kama pacha wasiotofautishwa, zikagombana mtandaoni. Windows ina zana iitwayo Sysprep ya kufuta utambulisho kabla ya kunakili ili kila moja ijipatie wake. Itumieni kabla, si baada.

Kazi kubwa tuliifanya likizo ya Agosti, wakati maabara haina mtu. Na kabla ya kugusa mashine yoyote tulifanya lile ambalo sikulifanya Julai. Wiki ya mwisho ya muhula kila mwenye faili aliitwa. Faili zilinakiliwa kwenye diski ya nje, kisha mwenyewe akazifungua mbele yetu katika mashine nyingine, akaona ndizo, ndipo akatia sahihi katika daftari. Kufungua ndiyo siri. Nakala ambayo hujaifungua hujui kama ni nakala. Wawili walikuta faili zao hazifunguki, tukanakili upya. Mmoja wao alikuwa yule mtahiniwa wa mashine nambari 9, ambaye safari hii alikuja na flashi mbili zake mwenyewe. Alitia sahihi, akanitazama, akasema, "Leo umeuliza." Ndiyo maneno ya kwanza aliyonisemesha tangu Julai.

Stima nayo ilitujaribu, kama kawaida yake. Ikikatika katikati ya kusakinisha, mashine yaweza kubaki nusu huku nusu kule, isiwake kabisa. Kifaa chetu cha kuhifadhi umeme hubeba mashine nne, basi tulikwenda nne nne. Wengine waliona tunajikokota. Alhamisi, saa tisa mchana, taa zikazimika mji mzima, na zile nne zikamaliza salama gizani.

Muhula wa tatu ulipofunguliwa mashine 15 zilikuwa zimehama na 9 zimebaki kwa makusudi. Kila mashine ina karatasi ndogo ubavuni: nambari yake, mfumo wake, na tarehe mfumo huo utakapofika mwisho. Wanachama wa Chama cha Kiswahili waliomba mashine moja igeuzwe menyu zake ziwe za Kiswahili, na Windows 10 ina Kiswahili chake, kwa hivyo tuligeuza nambari 14. Inavuta watazamaji. Nusu yao huja kutumia, nusu huja kubishana na tafsiri.

Imebaki tarakilishi ya mhasibu. Ingali na Windows 7, kwa sababu programu ya hesabu iliyomo haikubali mfumo mpya, na hakuna anayejua diski yake ya kusakinishia ilikwenda wapi. Tumeikata kutoka intaneti, na faili zake hunakiliwa kila Ijumaa na kufunguliwa kwingine. Mhasibu ameahidi kutuandikia programu hiyo humfanyia kazi gani hasa, ili tutafute mbadala, na amesema tumpe nafasi hadi afunge hesabu za muhula. Tumempa.